Krete kwa Majira Gani? Ulinganisho kwa Anayepanga Safari

Anayeamua kwenda Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, hupokea ushauri unaopingana. Mmoja humwambia asiende kabla ya Juni, mwingine humwapia kwamba Mei haina mpinzani, na wa tatu humcheka na kumwambia asubiri Oktoba, watu wakishaondoka. Kila mmoja wao huwa anasema kweli, kwa sababu kila mmoja alikifuata kisiwa kwa haja yake. Krete ina urefu wa kilomita zipatazo 260, ina vilele vinavyopita mita 2,400, ina magofu yenye umri wa miaka zaidi ya 3,500, na pwani yake ya kusini inatazama Libya. Kisiwa cha namna hiyo hakina msimu mmoja wenye kumfaa kila mgeni.

Jambo la kulielewa kabla ya mengine yote ni kwamba nchi kavu na bahari ya Krete havipendezi kwa wakati mmoja. Ardhi hufikia uzuri wake Aprili na Mei, wakati maji yangali baridi; bahari hupata joto lake Agosti na kulishikilia hadi Oktoba, wakati ardhi imekauka na vilima vimegeuka rangi ya majani makavu. Anayevitaka vyote viwili kwa kiwango cha juu hatavipata, na afadhali alijue hilo kabla ya kulipia tiketi.

Katika ulinganisho huu nimeyapima majira manne kwa mambo sita: hewa na upepo, bahari, matembezi ya magofu na milima, umati na gharama, usafiri, na mwisho chakula na sikukuu. Majira ya kuchipua nayahesabu tangu mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Juni. Kiangazi tangu hapo hadi mwanzoni mwa Septemba. Majira ya pukutiko hadi katikati ya Novemba. Na miezi iliyobaki ni ya baridi. Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba Julai na Agosti, miezi ambayo kwetu watu hutafuta sweta, kule ndiyo miezi ya joto kali.

Hewa na upepo

Katika kiangazi mvua ni kama haipo. Mjini Heraklion joto la mchana mwezi Julai na Agosti huwa wastani wa nyuzijoto 29 hivi, lakini takwimu hiyo ni ya pwani ya kaskazini inayopulizwa na upepo. Ukiingia katika bonde la Messara au ndani ya makorongo, nyuzijoto 35 si jambo la kushangaza. Joto lenyewe ni kavu, jasho hukauka upesi, na mtu wa Dar es Salaam anayeijua Januari ya kwao huenda akaliona la kuvumilika kuliko alivyotishwa. Anayetoka Muscat au Dubai mwezi wa Julai atahisi amepata nafuu. Hatari ya kweli ya msimu huu ni moto wa nyika: Julai 2025 wakazi na watalii waliokuwa karibu na Ierapetra, kusini mashariki, walilazimika kuhamishwa huku upepo ukiusukuma moto kuelekea pwani.

Upepo huo wa kiangazi huitwa meltemi. Huvuma kutoka kaskazini chini ya anga jeupe lisilo na wingu, hushika kasi mchana, na waweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Hupunguza joto, na pia huharibu fukwe za kaskazini kwa mawimbi. Milima huikinga pwani ya kusini, ila si kila mahali, kwa sababu upepo hujipenyeza katika makorongo na kushuka kwa ghafula. Plakias wanaufahamu vizuri, na mgeni aliyetandika taulo lake pale huishia kula mchanga.

Majira ya kuchipua yana hewa ya kupendeza, Aprili ikiwa na nyuzijoto 20 hivi mchana na Mei ikipanda hadi 23 au 24, lakini hayatabiriki. Mvua ya Machi yaweza kuvuka hadi Aprili, na upepo wa kusini huvusha vumbi la Sahara kwa siku moja au mbili, anga likawa la rangi ya machungwa na joto likaruka juu bila taarifa. Pukutiko huanza kwa utulivu: Septemba ina joto lisilochosha, meltemi inapungua nguvu, na mvua za kwanza kwa kawaida huja Oktoba, nyakati nyingine kwa dhoruba ya saa chache kisha jua likarudi. Wakati wa baridi joto la mchana pwani huwa nyuzijoto 15 au 16 na usiku 9, hali ambayo mtu wa Lushoto au Limuru hataiogopa, isipokuwa kwamba huambatana na mvua na upepo, na nyumba nyingi za kupangisha zilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Ulizia kipasha joto kabla ya kulipa. Katikati ya Januari hutokea siku za jua na utulivu ambazo Wagiriki huziita siku za alkioni, lakini haziwekewi miadi.

Urefu wa mchana nao uingie katika hesabu, hasa kwa aliyezoea saa kumi na mbili za mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa mbili na nusu usiku. Desemba huzama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Kwa anayetaka kuona mengi kwa siku, tofauti hiyo ni karibu saa tano za mwanga.

Bahari

Hapa mtu aliyekulia pwani yetu anahitaji tahadhari ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu haimpi. Maji ya Zanzibar huwa na nyuzijoto 25 hivi yakiwa baridi kabisa na hukaribia 30 mwezi wa Machi. Maji ya Krete hufikia 25 au 26 mwezi wa Agosti, yaani kilele cha joto lao ni sawa na ubaridi wetu. Mei, wakati Wajerumani wanaogelea kwa furaha, bahari iko kwenye nyuzijoto 19 au 20, na Mswahili aliyejitupa majini kwa kuwaiga hutoka haraka kuliko alivyoingia. Februari na Machi ni 16.

Kwa kuogelea basi, muda wa kweli ni kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi Oktoba. Kiangazi kina maji ya joto, walinzi wa ufukweni na huduma zote, lakini kina meltemi upande wa kaskazini na bendera nyekundu zinazopaswa kuheshimiwa. Pukutiko lina faida ambayo watu huisahau: bahari hupoa polepole kuliko hewa, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba maji yangali nyuzijoto 23 au 24, mara nyingi yametulia kuliko Agosti. Katika kuchipua na baridi, bahari ni ya kutazamwa.

Kuna fukwe ambazo umaarufu wake umezidi nafasi yake. Elafonisi, kusini magharibi, ina mchanga wenye wekundu wa waridi unaotokana na vipande vidogo vya makombe, na maji yake ni ya kina kifupi kinachofaa watoto. Agosti, ifikapo saa tano asubuhi, mchanga huo huonekana kwa shida katikati ya miavuli. Mei ufukwe ule ule una nafasi tele, ila mtoto hatakaa majini muda mrefu. Katika ufukwe mrefu wa Rethymno kasa hutaga mayai kati ya Juni na Agosti, viota huzungushiwa uzio mdogo, na vifaranga huendelea kutoka hadi mwanzoni mwa pukutiko, jambo ambalo mgeni wa Mei halioni kabisa.

Magofu, makorongo na milima

Knossos, kasri la Waminoa, watu wa ustaarabu wa kale wa Krete, ambalo mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kulifukua mwaka 1900, liko kilomita chache kutoka Heraklion na lina kivuli kidogo sana. Katika kiangazi ni lazima ufike milango inapofunguliwa, saa mbili asubuhi, au uende jioni, kwa kuwa saa za kufungua ni ndefu. Mchana uuache kwa Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion, ambayo yana kiyoyozi na ndiyo yenye vitu vilivyotolewa Knossos na Phaistos, kasri jingine la Waminoa. Katika kuchipua na pukutiko waweza kwenda saa yoyote. Wakati wa baridi saa hupunguzwa, lakini waweza kusimama mbele ya chumba cha kiti cha enzi bila kusukumwa na kundi lililo nyuma yako, na kwa anayeipenda historia hilo lina uzito. Siku za kufungwa ziandike mapema: 1 Januari, 25 Machi, 1 Mei, Jumapili ya Pasaka ya Kiorthodoksi, na 25 na 26 Desemba.

Korongo la Samaria ndilo linalotenganisha majira kwa ukali zaidi, maana lenyewe lina kalenda yake. Kwa kawaida hufunguliwa Mei na kufungwa mwishoni mwa Oktoba, na hata ndani ya miezi hiyo hufungwa kukiwa na mvua au joto la kupindukia. Njia ina kilomita 16. Huanzia Xyloskalo, kwenye uwanda wa Omalos, katika mwinuko wa mita 1,200 na zaidi. Unashuka ngazi za mawe zenye vizuizi vya mbao, magoti yakianza kulalamika ndani ya saa ya kwanza, kisha unafuata kijito hadi mahali kuta mbili za mwamba zinapokaribiana kwa mita tatu au nne huku zikipanda mamia ya mita juu ya kichwa. Mwisho wake ni kijiji cha Agia Roumeli, ambako hakuna barabara ya gari, bali unasubiri meli ya jioni. Mei kijito kina maji na unavuka kwa vipande vya mbao na mawe. Septemba ni mkondo mwembamba. Agosti nusu ya mwisho ya njia, iliyo wazi kwa jua, ni adhabu kwa asiyebeba maji ya kutosha na kofia. Mwenye Samaria moyoni asipange safari ya Machi wala Desemba. Wakati wa baridi mafuriko ya ghafla katika makorongo si mchezo, hata katika yale mafupi kama Imbros.

Kwa maua, hakuna ubishi. Krete ina aina zaidi ya 1,700 za mimea, na mwezi wa Aprili uwanda wa Omalos huwa na tulipu za porini zisizoota penginepo kwa wingi huo, huku malisho ya karibu na Spili yakijaa okidi, na nyuma yake theluji ya mlima Psiloritis ingali nyeupe. Lakini theluji hiyo hiyo ndiyo sababu wapanda vilele wasiikimbilie Aprili. Psiloritis, mita 2,456, na Pachnes, mita 2,453, hupandwa kwa urahisi zaidi tangu Juni hadi Septemba, kwa hiyo kiangazi, ambacho wapenda matembezi hukidharau, ndicho chenye vilele.

Umati na gharama

Julai na Agosti shule za Ulaya zimefungwa, na kuelekea 15 Agosti, sikukuu kubwa ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe huongezeka juu ya wageni. Vyumba na magari ya kukodi hupanda bei mno, na vya bei nafuu huisha miezi kabla. Juni na Septemba hupungua kidogo tu, kwani siri yake ilikwisha kujulikana. Nafuu inayohisika iko Aprili, Mei na Oktoba. Ugiriki pia hutoza kodi ya malazi kwa kila chumba kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na kiwango chake ni kikubwa zaidi kati ya Aprili na Oktoba kuliko Novemba hadi Machi.

Wakati wa baridi bei ni ya chini kabisa, lakini pima unachonunua. Miji iliyojengwa kwa ajili ya watalii, kama Malia na Elounda, hufunga sehemu kubwa ya hoteli na migahawa yake, na kutembea humo Januari kunatia unyonge. Chania, Rethymno na Heraklion huendelea kuishi. Mbili za mwisho zina kampasi za Chuo Kikuu cha Krete, na mikahawa yake hujaa wanafunzi.

Kufika na kuzunguka

Ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya hadi Heraklion na Chania huruka kati ya Aprili na Oktoba. Nje ya hapo karibu kila njia hupitia Athens, ambako waweza kuunganisha ndege ya chini ya saa moja au kupanda meli ya usiku kutoka bandari ya Piraeus. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi, kwa kawaida kupitia Istanbul, Doha au Dubai, mara nyingi atapita Athens, hivyo msimu haumbadilishii sana njia. Mkazi wa Uingereza au Ujerumani ndiye anayepoteza urahisi mkubwa Novemba ikiingia.

Kisiwani mabasi kati ya miji ya kaskazini hufanya kazi mwaka mzima, lakini yale ya Elafonisi na ya Samaria ni ya msimu, na meli ndogo zinazounganisha vijiji vya kusini, pamoja na Loutro kusikofikiwa na gari, hupungua sana baada ya Oktoba. Vivyo hivyo boti za kwenda Spinalonga, kisiwa kidogo kilichokuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma kuanzia 1903 hadi 1957. Upepo ukizidi kiwango, mamlaka za bandari huzizuia meli kuondoka, na aliyepanga kuunganisha ndege ya kimataifa siku hiyo hiyo huikosa. Tatizo hili ni la kale. Msomaji wa Matendo ya Mitume, sura ya 27, anakumbuka meli iliyombeba Paulo ikitia nanga Bandari Nzuri, pwani ya kusini ya Krete, siku ya saumu ikiwa imekwisha kupita, yaani wakati wa pukutiko. Paulo akashauri wasiendelee, akida akamsikiliza zaidi nahodha, na upepo wa Eurakilo ukawachukua hadi Malta. Bandari ile ipo mpaka leo kwa jina lile lile la Kaloi Limenes. Kwa safari za Novemba hadi Machi, acha siku moja ya akiba Athens kabla ya kurudi.

Kuhusu viza, raia wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wanahitaji ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa miezi sita kabla ya safari kwa mapema zaidi, na si chini ya siku 15. Miadi ya kuwasilisha maombi kwa ajili ya kiangazi hugombaniwa. Kwa Aprili au Oktoba foleni huwa ya kistaarabu zaidi. Mwenye kibali cha kuishi kilichotolewa na nchi ya Schengen hahitaji viza hiyo kwa ziara fupi.

Chakula na sikukuu

Kiangazi ni cha nyanya, matikiti na samaki wa kuchoma nje usiku. Agosti na Septemba zabibu huvunwa, na Oktoba hadi Novemba makapi yake huingizwa katika mitungi mikubwa ya shaba, mfuniko ukazibwa kwa donge la unga ili mvuke usitoroke, moto wa kuni ukawashwa chini, na raki, pombe kali ya kisiwani, ikaanza kudondoka upande wa pili. Asiyekunywa pombe hapotezi kitu kwa kualikwa, maana viazi huokwa katika makaa hayo hayo, komamanga hupasuliwa mezani, na ukarimu wa vijijini hauulizi umekunywa nini. Novemba hadi Januari ni zamu ya zeituni: nyavu hutandikwa chini ya miti kisiwa kizima, na mafuta mapya, ya kijani na yenye kuwasha koo, hayafanani na ya chupa ya dukani.

Majira ya kuchipua yana Pasaka, na hesabu ya Waorthodoksi si ya Wakatoliki na Waprotestanti: mwaka 2026 ni 12 Aprili, mwaka 2027 ni 2 Mei, wiki tano nzima baada ya ile ya Magharibi. Katika Kwaresima inayotangulia, meza za Wagiriki huacha nyama na kujaa maharage, mboga za porini, pweza na ngisi, jambo linalomrahisishia Mwislamu asiye na hakika ya machinjo. Usiku wa Jumamosi mishumaa huwashwa, fataki hulipuliwa, na Jumapili kondoo huzungushwa motoni. Ni wiki nzuri ya kuwaona Wakrete wakiwa nyumbani, na wiki mbaya ya kutafuta duka lililo wazi au nafasi melini bila kuikata tiketi mapema.

Nani aende lini

Familia yenye watoto wa shule wanaotaka maji haina uhuru mkubwa. Walio Kenya, wenye likizo ya Agosti, wachague pwani ya kusini au magharibi, wakate vyumba mapema sana, na waende fukweni kabla ya saa nne asubuhi. Walio Tanzania, wenye likizo ya Juni, wamebahatika zaidi: maji ya mwisho wa mwezi huo ni ya kutosha na bei haijafika kileleni.

Mpenda matembezi, maua na magofu aangalie nusu ya pili ya Aprili hadi mwisho wa Mei. Kama Samaria ni sharti, aanzie wiki ya pili ya Mei ili kuchelewa kwa ufunguzi kusimharibie. Anayetaka vilele virefu asubiri katikati ya Juni. Wanandoa au wazee wasiopenda joto wala msongamano, lakini wanaotaka kuogelea kila siku, watapata mwafaka katika wiki mbili za mwisho za Septemba na ya kwanza ya Oktoba, wakikubali kwamba vilima vitakuwa vikavu.

Mwenye bajeti ndogo, mtafiti, au anayefuata makumbusho, makanisa na masoko, baridi inamtosha, mradi alale Chania au Heraklion na achukue koti la mvua. Kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye Nungwi au Diani si safari kwake, maoni yangu ni kwamba bahari isimwamulie kabisa: fukwe anazo, nzuri na zenye maji ya joto zaidi, hali theluji juu ya mashamba ya machungwa mwezi wa Aprili hana. Aliyeko Muscat au Doha, kinyume chake, ana sababu nzuri ya kukimbilia huko Julai hata kwa bei yake, na maombi yake ya viza aanze kuyashughulikia Januari.